Kofia ya Baba Niliyoifua

Wako watu wanaofanya jambo la aibu wakiwa peke yao, wakalinyamazia, wakafa nalo, wala hakuna ajuaye. Langu mimi nimelifanya mchana kweupe, mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya kukodi, mbele ya mgeni rasmi na watu wa televisheni, na mpaka hii leo nikienda Darajani kununua pweza nnajifunika buibui mpaka puani, kwa sababu yuko muuza ndimu mmoja pale, Mbarouk, aliyekuwepo siku ile, na kila akiniona huniuliza, "Bi Riziki, leo hufui?" Simjibu. Nitamjibu nini na mtu ameuliza kweli?

Aliyenambia niandike ni mjukuu wangu Salma. Alisema bibi andika mwenyewe, maana huko mjini kila mtu anaisimulia anavyotaka, wako wanaosema uliichoma na wako wanaosema uliiuza. Basi naandika. Mwandiko wangu mtauvumilia, mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilikuwa nakaa nyuma na Mwanaheri Ussi tukicheza nage kwa macho huku tukingoja kengele.

Baba yangu alikuwa Fundi Silima Pandu wa Sokomuhogo. Watu wakisikia fundi wa kofia hudhani alishona. Baba hakushona, baba alichora. Kofia ya viua, kwa asiyeijua, ni vipande viwili vya bafta nyeupe, kimoja kirefu cha kuzunguka kichwa na kimoja cha duara cha juu, na vyote viwili hujazwa matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, ndiyo hivyo viua, mpaka likatokea ua au nyota au chochote alichokusudia mchoraji. Mchoraji huchora kwanza, kisha mwanamke hukaa na sindano miezi mitatu, minne, akifuata mistari. Baba alikaa barazani na kibao mapajani, na wanawake walikuja kuchukua vipande vilivyochorwa: Bi Kazija wa Kikwajuni, Bi Fatma Kombo na binti yake Subira, Bi Patima aliyetoka Makunduchi na chaza kwenye kikapu (akitupa bure, na mama akimpa sukari), na Bi Zainabu Faki ambaye hakurudisha kofia kwa wakati hata siku moja na baba hakumgombeza hata siku moja.

Sasa hili mlishike, kwa sababu ndilo lililonimaliza. Wino wake baba alikoroga mwenyewe, buluu ya kufulia na maji kidogo, akachovya kalamu ya mwanzi. Kwa nini buluu? Kusudi kofia ikishamalizwa kushonwa, ikafuliwa mara ya kwanza, mistari yote iondoke ibaki nyeupe tupu, viua peke yake. Mistari ikibaki, mshonaji anaonekana mchafu. Kwa hiyo mkono wa baba, maisha yake yote, uliondoka na maji ya kufulia. Sijui vichwa vingapi vya Unguja hii vimevaa kazi yake, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuuona mstari wake.

Isipokuwa kofia moja. Baba alikwenda Kidichi kwenye harusi ya mtoto wa Haji Mkanga, akaingia kuyatazama yale mahamamu ya zamani, mabafu ya sultani, akakaa humo na maua yaliyochongwa ukutani mpaka bwana harusi akaozwa, akala, akaondoka, na baba hajatoka. Akarudi nyumbani hajamwona bibi harusi wala hajaonja biriani, mama akamnunia siku mbili, naye akachora kofia aliyoiita Hamamu. Hakuichora mara ya pili. Mama alishona nusu ya kile kipande kirefu, kisha baba akafa, na mama akachomeka sindano pale pale alipofikia, akavikunja vipande vyote viwili kwenye karatasi, akatia sandukuni. Sisi watoto wawili tu tuliobaki, mimi na mdogo wangu Mize. Mama alimalizia maisha yake kwa Mize huko Jambiani, na sanduku likabaki kwangu Kiembe Samaki, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Siku moja alikuja kwangu msichana wa makumbusho, anaitwa Nasra, mtoto wa adabu, kavua viatu mlangoni mbali kabisa, "Shikamoo bibi," "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Akasema wanatayarisha chumba cha mafundi wa zamani pale Mji Mkongwe, na wamesikia habari za baba. Nikamtolea kofia mbili tatu zilizomalizika, akazisifu. Kisha nikamtolea ile karatasi, nikiona haya, nikamwambia hii si ya kutazamwa, haijamalizika.

Akafungua kile kipande kirefu. Upande mmoja viua vya mama, upande wa pili mistari ya baba, ya buluu, kama kaiinua kalamu jana. Yule msichana akakiinamia karibu. Akatoa simu akapiga picha kile kipande, akasema cha juu atakuja kukipiga vizuri kwa kamera ya kazini, mwangaza hautoshi. Kisha akanambia, na maneno haya nnayakumbuka yote, "Bi Riziki, hii ndiyo tunayoitaka. Usiiguse, usihangaike nayo kabisa, iache hivi hivi. Mkono wa fundi haupo mahala pengine popote duniani."

Nami nikasikia nini? Jamani, nyinyi wa hapa mnajua tulivyolelewa. Mgeni akiingia kwako akasema usijisumbue, maji yananitosha, wewe unafanyaje? Unampa maji? Unamtoa mtu kwenda kununua samaki. Mtu akikwambia hivyo hivyo inatosha, maana yake amelelewa vizuri, na wewe uliyelelewa vizuri unaongeza. Mimi nikaona, mtoto huyu ana adabu, hataki kunitia kazini kwa umri wangu. Akataka aondoke nayo siku ile ile. Nikamkatalia. Nikamwambia kitu cha baba kitatoka nyumba hii kwa heshima, nitakileta mwenyewe siku ya makabidhiano. Akasita, akakubali, kwa ile ile adabu yake.

Nikampigia simu Mize. Mize analima mwani, ukimpigia saa za maji kupwa unasikia upepo tu. Akasema, "Kama inakwenda mahala pa kutunzwa, haya, dada. Lakini iwe mikononi mwako, usiipe mtu." Nikamwambia nani nitampa, mimi mwenyewe naipeleka.

Haikupita wiki akaja jirani yangu Bi Sharifa kuazima kinu. Kofia ilikuwa mezani, nilikuwa naitazama tu (wallahi naitazama tu). Akainama, akasema, "Shoga, ndiyo hii ya makumbusho?"

"Ndiyo hii."

"Mbona nusu?"

"Wameitaka nusu."

Akacheka, akajitia kuvuta kanga yake. "Nani atataka nusu? Wewe utasimama mbele ya wakubwa na kofia nusu, ina sindano imening'inia, watu waseme mabinti wa Fundi Silima hawajui kushika sindano? Mimi simo. Nipe kinu changu nende zangu."

"Kinu ni changu, Sharifa."

"Basi niazime."

Akenda na kinu changu na akaniachia lile neno. Nikakaa nalo. Palikuwa na uzi mmoja wa mama umelegea pale sindano ilipochomekwa, unaning'inia kweli, nikasema nitaukaza huo tu, mmoja tu, usije ukafumuka njiani. Nikavaa miwani. Nikaukaza. Na uzi ule ulikuwa wa kiua kilichoanzwa hakijafungwa, basi ukikaza uzi bila ya kukifunga kiua ni ujinga, nikakifunga. Kikapendeza. Kando yake kiko kingine kimechorwa kinangoja. Na nyinyi mliowahi kushona mnajua, mkono ukishaingia hautoki.

Nilishona miezi minne. Kila asubuhi nikishanywa chai mpaka adhuhuri, mlangoni kwenye mwanga, ndege zinapita juu ya bati, na jicho langu hili la kushoto lina mtoto wa jicho, kwa hiyo pengine mstari niliuona na pengine niliukisia. Nitasema kweli yote: pale nilipoukosa nilibuni. Mama alikuwa na sindano ya kubana, kiua chake hata punje ya mtama haipiti, changu unapita mtama na ndugu zake. Lakini nilifurahi. Kila nikimaliza ua moja nilihisi baba yuko barazani ananitazama, ananambia ahsante Riziki. Mize sikumwambia. Nilitaka kumfurahisha. Nasra alipiga simu mara mbili kuja kukipiga picha kile kipande cha juu, nikamwambia njoo siku yoyote mwanangu, kisha siku ile nikajitia homa, kwa sababu na yeye nilitaka kumfurahisha.

Nikaunganisha vipande. Ikawa kofia. Na hapo mtu anayejua kazi anafanya nini? Kofia ina jasho la mikono yangu ya miezi minne na mistari ya buluu imechungulia kila pahala. Kofia mpya haitoki nyumbani haijafuliwa. Hata mtoto wa kike wa miaka kumi anajua. Nikatia maji kwenye beseni, nikatia sabuni, nikaitumbukiza.

Maji yakawa ya buluu.

Sitajitetea. Nilitazama maji yale na nikaona uzuri, nikasema hee, inatakata. Nikamwaga nikabadilisha maji, mara tatu, ya tatu yakatoka meupe, nikaridhika. Nikaitia wanga, nikaivisha kwenye bakuli lililogeuzwa, nikaianika juani, jioni nikaifukiza udi. Nikaiweka kwenye mkebe wa biskuti wa duara, nikaufunga kwa utepe.

Siku yenyewe nilivaa dera la kijani na buibui jipya. Ukumbi umejaa. Walikuwepo watoto wa wale washonaji wa zamani, niliwajua wote kwa nyuso za mama zao: Subira binti Fatma Kombo mwenyewe, mzee sasa kama mimi, na mtoto wa Bi Kazija, Abdalla, na wajukuu wawili wa Bi Patima waliotoka Makunduchi asubuhi. Bi Sharifa kajikalisha mbele. Mize kaja na gari ya shamba, akachelewa, akakaa nyuma karibu na mlango. Nasra akataka mkebe wangu mapema aupeleke ndani, nikamwambia hapana, nitafungua mbele ya watu. Kwenye meza palikuwa na kabati la kioo, tupu, linangoja.

Akasimama mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, mtu mnene mpole mwenye sauti nzuri, jina lake sitaliandika kwa sababu yeye hana kosa. Akasoma karatasi. Akasema leo tunapokea kitu kisichopatikana pengine, mkono wa Fundi Silima Pandu, mistari yake mwenyewe kama alivyoiacha, haijaguswa tangu siku alipoiweka kalamu chini.

Mimi nikamsikia, na bado sikuelewa. Niliona anapamba maneno kama wakubwa wanavyopamba.

Kisha Nasra akavuta kitambaa ukutani, na pale pana picha, kubwa kama mlango, ile aliyopiga nyumbani kwangu kwa simu. Viua vya mama upande huu, na upande huu mistari ya baba ya buluu, kila mstari mnene kama kidole, unaona pale kalamu ilipokauka na pale alipochovya tena, unaona pale alipotetemeka kidogo akaendelea. Mimi nilikaa na baba nyumba moja miaka kumi na tisa sikuwahi kuuona mkono wake vile. Watu wakafanya "aaa" kwa pamoja, na mimi mkebe uko mapajani.

Hapo ndipo nilipojua. 

"Bi Riziki, karibu mbele," Nasra akasema.

Nikenda. Nilikwendaje sijui. Akafungua utepe, akafungua mkebe, ukumbi mzima ukanuka udi. Akatazama ndani. Akaitoa kofia, nyeupe, imesimama kwa wanga kama sahani. Akaigeuza huku na huku. Akaniinamia sikioni, pole pole, "Bibi. Mistari iko wapi?"

Na mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu tisa, niliyehiji, nikasema uwongo. Nikasema kwa sauti wote wasikie, "Hii ni zawadi ya mgeni rasmi. Ile ya makumbusho nimeisahau nyumbani."

Mgeni rasmi akafurahi kama mtoto siku ya Idi. Akavua kofia yake akaiweka mezani, akainamisha kichwa, na mimi ikanibidi nimvishe, kwa mikono yangu. Ilimkaa. Ingekuwa ndogo ningeshukuru, lakini ilimkaa kama kapimwa. Makofi. Bi Sharifa akapiga vigelegele, tena virefu. Watu wa televisheni wakasogea. Mgeni akasema, "Bi Riziki umenipa heshima, hii siivui mpaka nyumbani." Nasra peke yake hakupiga makofi. Aliitazama picha ukutani, akatazama kile kichwa, akatazama picha tena.

Wakasema wapumzike kwa vitafunio, na gari la makumbusho litanipeleka Kiembe Samaki kuichukua ile niliyoisahau. Dereva, Juma Mcha, kijana wa watu, akaniuliza mtaa gani bibi, nikamwambia ngoja ninywe maji. Nikanywa bilauri tatu za juisi ya ukwaju, na sipendi ukwaju.

Mize akaja akasimama karibu yangu. Hakusalimu. Alikuwa anamtazama mgeni rasmi anayekula sambusa.

"Ile ni sindano ya mama," akasema.

"Ipi?"

"Ile iliyo kichwani mwake. Upande wa sikio la kulia. Viua vya mama. Na upande wa kushoto ni vyako, naviona toka hapa, vimekodoa macho."

Nikaitazama bilauri yangu ya ukwaju.

"Dada, uliimaliza?"

"Nilitaka kukufurahisha."

"Na ukaifua?"

Nikamwambia kofia mpya lazima ifuliwe, Mize, we hujui? Akafumba macho kidogo. Akasema taratibu, hakuna aliyesikia ila mimi, "Mama nilimuuliza Jambiani, mbona hamalizi ile kofia ya baba, mkono bado anao. Akanambia, nikiimaliza itafuliwa, na ikifuliwa ataondoka. Wewe ulidhani alichoka?"

Ndivyo nilivyodhani. Miaka yote nilidhani alichoka. Nilimhurumia mama kwa kuacha kazi nusu, na kumbe kazi yake ilikuwa ni hiyo, kuiacha.

"Umemfua baba," Mize akasema. "Na sasa unamwacha mama atoke mlangoni juu ya kichwa cha mtu."

Na kweli, mgeni rasmi alikuwa anaaga. Ana mkutano pengine, anashikana mikono, anakwenda mlangoni, na kofia iko kichwani. Nikaona akili yangu mbovu inapiga hesabu: nikikaa kimya, mkubwa anakwenda zake, nitasema ile ya nyumbani imeliwa na mchwa, aibu itapita. Lakini viua vya mama vitakwenda. Mistari nshaimwaga kwenye mchanga wa uani, sasa na mkono wa mama nao uende ukatiwe kabatini kwa mtu asiyejua ni nini, mpaka siku moja apewe mtunza bustani.

"Sema wewe," Mize akasema, "au nitasema mimi, na mimi nitasema vibaya."

Nikamfuata. Nilimpata kwenye ngazi za nje, na watu wote nyuma yake wakimsindikiza, na wapita njia wamesimama, na huyo Mbarouk wa ndimu na toroli lake chini pale.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba kofia yangu."

Akacheka. Akawaambia watu, "Mnamwona bibi, ananitania, utani wa Waunguja huu."

"Sitanii mwanangu. Nirejeshee. Nimesema uwongo."

Kicheko kikamwisha pole pole. Na mimi nikasema yote hapo kwenye ngazi, kwa sababu nilijua nikiingia ndani sitasema. Nikasema hakuna kofia nyingine. Nikasema hiyo uliyovaa ndiyo yenyewe ya kwenye picha, ndiyo ile uliyoisoma kwenye karatasi kwamba haijaguswa. Nimeigusa mimi. Nimeishona, nimeifua kwa sabuni, maji matatu, na ya kwanza yalikuwa ya buluu nikayamwaga.

 Subira binti Fatma Kombo akaweka mkono mdomoni. Bi Sharifa, aliyenitia ufunguo, nikamsikia anamwambia aliye karibu naye, "Mimi nilimwambia asiiguse."

Mgeni rasmi akaivua kwa mikono miwili. Alikuwa na upara, na ule wanga ulikuwa haujakauka vizuri ndani (nilifanya haraka), umemwachia duara jeupe kuzunguka kichwa kizima, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akampa Nasra kofia, akaniambia, "Pole sana, mama," na angenitukana ingenifaa zaidi. Kisha akapanda gari kichwa wazi, na kofia yake mwenyewe iko ndani mezani, Juma Mcha akaifukuzia gari nayo mpaka njia panda.

Nasra akaingia ndani, nami nikamfuata, na Mize. Akavaa glavu, akaigeuza kofia nje ndani, akawasha taa ndogo, akaanza kutafuta. Alitafuta kwenye mshono, alitafuta kwenye upindo, alifungua kwa sindano pahala padogo pale vipande vilipoungana, huenda buluu imejificha. Mimi nimesimama naomba Mungu ajalie nilifua vibaya. Katika maisha yangu sijawahi kuomba niwe nimefua vibaya.

Nilifua vizuri.

Akazima taa. Alikuwa analia, na alikuwa anajificha nisimwone, adabu ile ile. Nikamwambia nisamehe mwanangu, nilidhani uliposema usiiguse ni heshima tu. Akasema, "Nilijua hukunielewa, bibi. Nilijua tangu siku ile uliponikatalia kuichukua, na mara ya pili uliposema una homa nikajua zaidi. Niliona haya kukulazimisha." Basi tukawa wawili wenye kosa, lakini lake jepesi na langu limejaza beseni.

Sasa iko kwenye kabati la kioo. Nasra aliniita nimweleze kila kitu, akaandika kikaratasi, Salma amenisomea: imechorwa na Fundi Silima Pandu, imeshonwa nusu na mkewe, imemalizwa na kufuliwa na binti yake. Hakuandika neno la kulaumu. Pembeni ipo ile picha. Lakini picha ni ya kile kipande kirefu tu, cha juu hakikuwahi kupigwa, kwa sababu mimi nilijitia homa. Nasra akaniuliza ua la juu, lile la katikati, baba alilichora na majani mangapi, kwa sababu kwenye kofia yako manane, na hayakulingana. Nikakaa nikafikiri. Mimi nnaweza kukutajia kila mwanamke aliyepanda baraza ile, na jina la mumewe, na mtoto wake aliyekufa kwa surua. Ua lile nilikaa nalo miezi minne chini ya pua yangu, na sijui. Mize anasema mama alimwambia tisa. Mimi nilishona manane, ama kwa sababu ndivyo yalivyokuwa, ama kwa sababu la tisa sikuliona. Hakuna wa kutuamua.

Juzi Mize alikuja mjini. Alikuwa akipekua vitu vya mama huko Jambiani, akapata kitambaa, kitambara tu cha bafta kilichokunjwa, baba alikuwa akipangusia kalamu. Madoa ya buluu, na pembeni mistari mitatu mifupi alipokuwa akijaribu ncha, na mmoja umepinda kidogo kama unataka kuwa jani. Hakuleta kwangu. Alikipeleka moja kwa moja kwa Nasra na mimi nikaitwa huko, nikawekewa kiti mbali na meza, na Mize akasema, "Tazama kwa macho, dada."

Nikatazama kwa macho. Kina doa la chai pembeni, nililiona toka nilipokaa, na mikono ikaanza kuniwasha, doa la chai hutoka upesi kwa ndimu na chumvi. Nikaikalia mikono yote miwili. Nshamwahidi Mize na Nasra, na sasa nawaahidi na nyinyi, kitu cha baba sikigusi tena maisha yangu, hata kikiwa kimeota ukungu mbele ya macho yangu.